Nati za loki za Toyota kwenye Subaru

Ndugu, kwa hilo la nati za loki (nati za tairi za kuzuia wizi, zinazofunguliwa kwa ufunguo wake maalumu) ulizotoa kwenye Toyota kukwama baada ya mizunguko miwili kwenye Subaru WRX yako: usilazimishe. Stadi (bolti za habu zinazoshika nati) za Subaru ni 12 kwa 1.25, za Toyota kwa kawaida ni 12 kwa 1.5, yaani unene wa milimita 12 na nafasi kati ya nyuzi ya milimita 1.25 au 1.5. Unene ni uleule, nyuzi ndizo tofauti. Nati inaingia kwa mkono vizuri tu, halafu inauma, na fundi akiipiga na mashine ya upepo utabadilisha stadi. Tafuta za 1.25, hata zilizoandikwa Nissan nyingi zinakubali.

Zigeuze pia uangalie upande unaokalia rimu. Nati za rimu za kiwandani za Toyota mara nyingi zina shingo iliyonyooka na washa (pete ya chuma) bapa. Rimu za dukani, zisizo za kiwandani, kwa kawaida zinataka nati yenye ncha ya koni. Tundu la katikati nalo: habu (kitovu ambacho rimu inakalia) ya WRX ni milimita 56.1, rimu za dukani nyingi zina 73.1, kwa hiyo nunua pete za kuziba hiyo nafasi, la sivyo usukani unaweza kutetemeka ukishika kasi.

Kufunga: mkono kwanza, kisha kwa kupishana kama nyota, shusha jeki, malizia na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukishatembea kilomita 80 hivi, pima tena kukaza kwake. Loki moja kila tairi yatosha. Ule ufunguo wa loki usipigwe na mashine, unapasuka, na ukae kwenye gari, si kabatini nyumbani.