Re: Bunduki moja ya .30-06, kulungu na elki Colorado, ninunue risasi gani?

Mkuu, umeuliza kama ununue risasi aina mbili, nyepesi ya kulungu na nzito ya elki (yule jamii ya kulungu mkubwa wa Marekani). Mi nakushauri chukua moja tu, greni 165 au 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), upigie wote. Kulungu hatajua tofauti lakini elki atajua, dume lake linavuka kilo 300, bega lina mfupa na nyama nene sana na risasi laini ya greni 150 inaweza kupasukia hapo juu juu isifike kwenye mapafu, mnyama anakimbilia msituni na kidonda, anateseka siku nzima na hiyo kitu inaniuma kweli.

Kwa hiyo usiangalie uzito peke yake, angalia imetengenezwaje. Tafuta inayofunguka ila haivunjiki vipande, kama Nosler Partition, ile ina ukuta katikati, mbele inachanua nyuma inaendelea kuzama, ipo toka miaka ya 1940. Au shaba tupu kama Barnes TSX, nyama haiingii vipande vya madini ya risasi (lead, ile yenye sumu), mi nalisha watoto so naipenda hiyo. Zile ngumu za kijeshi zisizofunguka achana nazo, Colorado sheria inakataa kwa wanyama hawa.

Halafu nunua boksi mbili tatu za aina hiyo hiyo, nenda renji (uwanja wa kulenga shabaha) ukaseti darubini ya bunduki nazo, maana ukibadilisha risasi na shabaha inahama. Lenga nyuma ya bega, chini kidogo ya katikati.