Mbwa Wako Alikuwa Wapi Desemba?

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Rongai. "Kaka, mbwa wangu ameanguka akipanda ngazi, kisha akainuka kama hakuna kilichotokea. Daktari anasema ni homa ya kupe. Nisubiri?"

Nilikaa na simu mkononi hadi chai ikapoa. Ngazi, kuanguka, homa ya kupe, kusubiri. Huyu dada hanijui wala hakumjua Bosi, lakini ameandika habari zetu zote kwa mistari miwili.

Bosi alikuwa German Shepherd wa miaka 4. Nilimlea tangu akiwa wa kubebwa kwenye kikapu, na nitasema bila haya kwamba hapa mtaani kwetu Kahawa Sukari hapakuwa na mbwa aliyetunzwa kama yeye. Kitabu chake cha chanjo kilikuwa na mihuri mingi kuliko cha kliniki cha mwanangu. Ndiyo maana Desemba ile tulipokwenda kwa wakwe zangu Kwale, karibu na Shimba Hills, nilimpakia nyuma ya gari na kuwaacha majirani wakicheka. Mbwa naye anaenda likizo!

Siku 9 alishinda vichakani na watoto wa shemeji, wakifuata ng'ombe. Jioni alirudi akijing'ata ubavuni, nzi wamemwandama. Baba mkwe akanionya: "Mwanangu, hao ni mbung'o. Ng'ombe wanatuishia kwa hao." Nikamwitikia "naam baba" kwa adabu zote, nikaendelea na dafu langu. Nilijua nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ni ugonjwa wa ng'ombe. Bosi si ng'ombe.

Januari tukarudi, shule, karo, mambo ya kawaida. Katikati ya mwezi Bosi akaanza kuacha chakula. Homa. Ufizi umepauka. Kwenye zahanati ya wanyama niliyoizoea, daktari alimtazama kwa dakika chache, akasema kupe, akachoma sindano. Sikubisha, kwa sababu Nairobi mbwa akiugua jibu la kwanza huwa kupe, na mara nyingi ni kweli. Akapata nafuu siku mbili. Siku ya tatu akaanguka kwenye ngazi za baraza, miguu ikalegea yote minne kwa pamoja, halafu akasimama na kunitazama kama mtu aliyeona aibu. Nikapiga simu. "Dawa inafanya kazi, subiri."

Nikasubiri siku 6. Hizo siku 6 ndizo zinazoniamsha usiku hadi leo.

Wakati nikisubiri nilifanya anavyofanya kila mtu mwenye bando: nilisoma. Mbwa kuanguka ghafla vile kulinifikisha kwenye kuvimba kwa misuli ya moyo, na kila ukurasa kuhusu jambo hilo ulinipeleka Texas na Amerika Kusini, kwenye ugonjwa wa Chagas, ambao kimelea chake huenezwa na kunguni wakubwa wa huko. Nikacheka, kunguni wa Texas watanihusu nini? Kumbe kimelea hicho, Trypanosoma cruzi, ni ndugu wa damu wa kile kinachobebwa na mbung'o wetu, Trypanosoma brucei, na cha kwetu nacho kinajua njia ya kwenda kwenye moyo wa mbwa. Nilisoma jina la ukoo mzima nikapita.

Aliyetuokoa na ujinga, japo hakuweza kutuokoa na mengine, ni daktari mwingine, binti, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Kabla ya lolote alipiga magoti sakafuni. Mkono mmoja ameshika kifuani stetoskopu, kile kipimo cha kusikilizia moyo, vidole vya mkono wa pili ameviweka ndani ya paja la Bosi, pale mshipa unapopiga. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akanivuta mkono, akaweka vidole vyangu pale pale, na kunipa kipimo nisikilize. Du-du, du-du, moyo unasikika, na pajani unagonga. Du-du, du-du. Kisha du-du moja ya haraka, na pajani kimya. Moyo umepiga, damu haikufika. Nilisikia hivyo mara nne au tano ndani ya dakika moja.

"Baba, huyu mbwa amesafiri hivi karibuni?" akauliza. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nami sikuwa nimesema.

Akamulika macho kwa tochi. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu wa bluu. Nilikuwa nimeuona siku kadhaa, nikasema moyoni ni paka wa jirani amemkwaruza. Daktari akasema ukungu kama huo kwa mbwa aliyetoka nchi ya mbung'o haupuuzwi.

Sasa hapa tulia kidogo. Upimaji wa ugonjwa huu wa kuvimba kwa misuli ya moyo ni maswali mawili tofauti na wengi tunayachanganya. La kwanza: je, misuli ya moyo imeumia? ECG ya Bosi, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha mapigo yanayochipuka chini kwenye vyumba vikubwa vya moyo, mahali pasipo pake. Damu ikapimwa troponini, protini inayovuja kutoka kwenye seli za misuli ya moyo zikiumia. Ilikuwa juu sana. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha ukuta wa moyo unasukuma kivivu. Lakini troponini haitaji jina la mhalifu. Na ultrasaundi peke yake inaweza kukufanya udhani ni ule ugonjwa wa moyo kutanuka unaowapata akina Doberman na mbwa wengine wakubwa.

Swali la pili ndilo gumu: nani ameuumiza? Hapo orodha ni ndefu. Babesia ya kupe, ile inayokojoza mbwa mkojo wa rangi ya kahawa, inaweza kuumiza moyo pia, kwa hiyo daktari wangu wa kwanza hakuwa mjinga. Kuna bakteria waliosambaa kwenye damu, kuna toksoplazma, kimelea kinachoweza kutoka kwenye nyama mbichi, kuna distempa, ugonjwa wa virusi. Kuna parvo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kuhara damu tu. Virusi hivyo vilipozuka mwaka 1978 mama mbwa hawakuwa na kinga ya kuwapa watoto, na vichanga walikufa ghafla, moyo umeshambuliwa kungali mapema, wakiwa tumboni au katika wiki za kwanza, seli za moyo zikiwa bado zinagawanyika. Ukisikia watoto wa mbwa wanene wamekufa mmoja baada ya mwingine bila kuhara, usikimbilie kusema jirani ameroga. Uliza kama mama yao alichanjwa.

Kwetu jibu lilitoka kwenye kijibomba chembamba cha kioo. Damu ilizungushwa kwenye mashine hadi chembe nyekundu zikakaa chini na maji yakabaki juu, na pale mpakani daktari akaelekeza hadubini. Akaniita. Niliona vitu vinapinduka na kujikunja kama nyungunyungu aliyemwagiwa chumvi. Vimelea vya mbung'o, vikiwa hai, ndani ya mbwa wangu. Nikamkumbuka baba mkwe na dafu langu.

Bosi alichomwa dawa ile ile wanayochomwa ng'ombe, kwa kipimo kilichopigiwa hesabu mara mbili kwa sababu mbwa hawaistahimili sana, na akapewa ya kutuliza mapigo. Siku ya tatu alikula ugali na matumbo, sufuria ikalambwa. Nikatuma picha kwenye kundi la familia. Siku ya tano alfajiri soja alimkuta amelala langoni, mdomo haujafunguka hata kidogo, kama amesinzia. Vimelea vinaweza kuuawa, lakini moyo uliokwisha kupata kovu na uvimbe unaweza kuzimika umeme wakati wowote.

Nilimpeleka Kabete, kwenye maabara ya mifugo, wampasue. Mke wangu hakupenda. Lakini uhakika kamili wa ugonjwa huu unatoka kwenye kipande cha moyo chenyewe, na ni nadra sana kipande hicho kukatwa mbwa akiwa hai. Moyo wa Bosi ulikuwa na mistari iliyopauka, kama mafuta kwenye nyama ya steki. Ripoti ikasema seli za kinga zimejaa kati ya nyuzi za misuli. Nimeihifadhi ndani ya kitabu chake cha chanjo.

Kwa hiyo ndugu yangu mfugaji, acha kujivunia mihuri. Hakuna chanjo ya mbung'o. Mbwa hawezi kusema alikuwa Kwale. Wewe ndiye mdomo wake. Nenda kwa daktari ukiwa na historia: safari, kupe, nyama mbichi, chanjo za mama. Asipouliza, mwambie. Mbwa akizimia hata mara moja, omba moyo upimwe siku hiyo hiyo, na ukiambiwa subiri, uliza tunasubiri nini. Usichome dawa ya ng'ombe mwenyewe kwa sababu uliinunua duka la kilimo kwa bei nzuri. Na usiku mbwa akilala fofofo, hesabu pumzi zake dakika nzima. Zikizidi 30 kila usiku, hiyo si ndoto.

Haya yote nilimwandikia dada wa Rongai saa tano usiku, nikamuuliza mbwa wake alikuwa wapi Desemba.

Akajibu: "Hajawahi kutoka nje ya geti. Lakini nimehesabu. 44."

Nikampigia simu.