Diski Moja, Mikono Mitatu

Jumamosi moja tulikuwa tukicheza gofu ya diski Kaposia Park, South St. Paul, Minnesota: mimi, binti yangu wa miaka 13, na shemeji yangu. Tulirusha diski ileile kwa zamu, aina ya Roadrunner ya kampuni ya Innova, tukisimama mahali pamoja. Ya binti ilinyooka kama mita 45, ikainama kushoto taratibu, ikatua. Yangu iligeukia kulia katikati ya safari, ikarudi kwenye mstari na kuangukia mita 80 hivi. Shemeji, aliyekuwa akirusha mkuki enzi za shule, aliitupa kwa nguvu zake zote. Ikapinda kulia, ikalala ubavu, ikagusa ardhi kwa ukingo na kubingirika mpaka vichakani.

"Hii diski mbovu," akasema.

Si mbovu. Ni diski nyepesi kugeuka, na kila mkono huiona kwa namna yake. Juu yake kuna tarakimu nne: 9 ya kasi, 5 ya kuelea, -4 ya kugeukia kulia ikiwa bado mbio, na 1 ya kuangukia kushoto ikichoka. (Hapa nazungumzia anayerusha kwa mkono wa kulia akiivuta diski kutoka kifuani, wa kushoto ageuze pande.) Hiyo -4 huonekana mkono ukiifikisha diski kwenye kasi yake. Usipofika, unabaki na mwendo ulionyooka, na kwa anayeanza hiyo ni neema.

Sababu iko kwenye hewa. Diski ikiwa na kasi, hewa huiinua zaidi sehemu ya nyuma ya kitovu, kwa hiyo pua, yaani ukingo wa mbele, inataka kushuka. Lakini inazunguka kama pia, na kitu kinachozunguka hakiinami pale kinaposukumwa. Huinama robo mzunguko mbele. Ndipo inapolalia kulia. Kasi ikipungua, msukumo unahamia mbele, nayo inalalia kushoto.

Kama ndiyo kwanza unaanza, achana na diski za kasi 12 au 13 hata kama mabingwa wanazitumia. Chukua diski iitwayo Leopard, yenye tarakimu 6, 5, -2, 1, uirushe miezi kadhaa. Na ikiwa hata hiyo inapanda juu kisha inaangukia kushoto, angalia pua kabla ya kununua nyingine. Pua iliyoinuka huua mgeuko wote. Mimi nilipoteza msimu mzima nikibadilisha diski, kumbe kiganja changu kilikuwa kinatazama juu wakati wa kuachia. Niliposhusha mkono kama mtu anayemimina chai kutoka kwenye birika, Leopard ileile ikaanza kugeuka.

Mkono ukishapata nguvu, wengi hugawa diski hizi nyepesi kugeuka. Naomba usifanye hivyo. Jifunze haiza, yaani kuiachia diski ukingo wa nje ukiwa umeinama kuelekea chini. Nguvu zako zitaiinua yenyewe mpaka ilale sawa, kisha ielee mbali bila kujikaza. Kwenye njia nyembamba za msituni sijapata kitu kinachoishinda.

Upepo nao ni wa kuangaliwa. Ukikuvumia usoni, diski hugeuka zaidi ya kawaida yake. Ukikusukuma mgongoni, hugeuka kidogo. Plastiki ya bei nafuu ikishagonga miti mara nyingi hulegea vilevile. Leopard yangu ya zamani sasa inageuka kuliko ilivyokuwa mpya, na kwa sababu hiyo sijaitupa.

Tulipoiokota Roadrunner, nilimwambia shemeji ainamishe ukingo wa nje kama digrii 20 na apunguze nguvu. Ilitoka mkononi mwake ikiwa imeegama kushoto, nikaona ikijinyoosha pole pole kama mtu anayeamka, halafu ikapita juu ya mteremko mzima bila kutikisika. Binti alihesabu hatua hadi ilipotua: 118. Shemeji hakuirudisha. Mimi nimenunua nyingine.