Maswali ya Wasomaji: Kaburi la Bibi Blanche

SWALI: Toleo lililopita mlimtaja John of Gaunt, Duke wa Lancaster na mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyemjengea marehemu mkewe Blanche kaburi la kifahari kanisani London. Kazi ya namna hiyo iliagizwaje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Blanche alifariki Septemba 1368, akazikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, kaskazini mwa altare kuu. Kaburi lenyewe lilijengwa kati ya mwaka 1374 na 1380 hivi, na John alikuwa ameshamwoa Constance wa Castile tangu 1371. Msimhukumu kwa hilo. Sanamu zilikuwa mbili, ya mke na ya mume, wameshikana mikono, na mume mwenyewe yu hai. Alipofariki 1399 akazikwa hapo hapo, kando ya Blanche.

Jambo la kwanza lilikuwa mahali, maana karibu na altare ndiko kila mkubwa alikotaka kulala. Kisha akatafutwa mwashi. John alimchukua Henry Yevele, mwashi wa mfalme, pamoja na Thomas Wrek. Gharama yote ilifika pauni 592. Mawe ya alabasta yaliagizwa kutoka Tutbury, kwenye ardhi ya Duke mwenyewe.

Alabasta ni aina ya jasi. Ni laini, inachongeka hadi mikunjo ya shela na vito vya mkanda, na inapokea rangi na dhahabu vizuri. Adui yake ni maji: mvua huila polepole, na unyevu unaopanda kutoka sakafuni huilegeza kuanzia chini. Kwa hiyo hukaa ndani tu, juu ya msingi mkavu. Kosa jingine ni vyuma vya kuunganishia vipande: vikipata kutu huvimba na kulipasua jiwe.

Mkataba ndio ulioamua mengi. Tazama ule wa Mfalme Richard II wa Uingereza, aliyefiwa na Malkia Anne mwaka 1394. Mwaka uliofuata aliandikiana na mafundi wa aina mbili, kila kundi na mkataba wake. Yevele na Stephen Lote walichukua kazi ya marumaru kwa pauni 250, na 20 za ziada ikiwa mfalme ataridhika. Nicholas Broker na Godfrey Prest walichukua sanamu za shaba zilizopakwa dhahabu, kwa pauni 400. Walipewa mchoro wenye muhuri wa kufuata, na tarehe ya mwisho: sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 1397. Bila mchoro wenye muhuri, fundi na mwenye kazi wangebishana kila siku kuhusu umbo la pua au upana wa taji.

Jiwe lilikuwa nusu tu ya agizo. Kaburini kwa Blanche makasisi wawili walilipwa kuimba misa za kumwombea, na kila Septemba ilifanyika ibada kubwa ya kumbukumbu.

SWALI: Je, kaburi la Blanche linaonekana hadi leo?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapana. Misa za namna hiyo zilifutwa kwa sheria mwaka 1547, na kanisa zima likateketea katika moto mkuu wa 1666. Bahati njema mchoraji Wenceslaus Hollar alikuwa ameshalichora kaburi hilo, na mchoro ukachapishwa 1658. Kaburi la Richard na Anne lingalipo katika kanisa la Westminster Abbey, London, ila mikono iliyoshikana ya sanamu zao imekatika na kupotea.