Kizazi unacho au huna? Jibu hilo kwanza

Dada, hicho kidonge usikimeze leo.

Uzi wako nimeusoma wote. Una miaka 49, hedhi imekata miezi mitano, usiku joto linakupanda mpaka shuka linalowa, na unauliza kwa homoni za kukoma hedhi uchague vidonge, plasta au jeli, kipi hakinenepeshi, na kama una presha inakuwaje. Mimi huwa nasoma na kupita. Kilichonitoa mafichoni ni yule mchangiaji wa nne aliyekwambia utumie homoni ya estrojeni peke yake, eti ile ya pili, projesteroni, ni ya wanaotafuta mimba. Nawe ukamshukuru, ukasema umeshaagiza!

Maneno hayohayo niliuziwa mimi, tena kwa bei.

Ilikuwa hivi. Wifi yangu anaishi Marekani. Alipokuja likizo alinikuta najipepea na kipande cha boksi, mchana na usiku, kama muuza mahindi ya kuchoma. Akanionea huruma, akaniachia pakiti za vidonge vyake vya estrojeni. Na vilifanya kazi, sitaki kusema uongo. Baada ya wiki chache nalala mpaka adhana ya alfajiri, sigombani na mtu, hata mume wangu akawa anamwombea dua wifi.

Ambacho wifi hakusema, maana hata yeye hakujua kama kina uzito, ni kwamba kizazi chake kilishatolewa kwa sababu ya uvimbe. Kwa mwanamke asiye na kizazi, estrojeni tupu ndiyo inayotakiwa, daktari wake alimpangia sawasawa. Changu mimi kipo palepale kilipozaa wanangu watatu.

Pakiti zikaisha. Badala ya kwenda hospitali nikamfuata "mtaalamu wa homoni" wa kundi la WhatsApp, yule anayeweka picha amevaa koti jeupe. Hakuniuliza umri. Hakuniuliza presha. Hakuniuliza kizazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemuuliza, "Mbona nimesikia kuna na projesteroni?" Akanitumia sauti ya dakika nne, nusu yake anacheka: "Mama, hiyo itakunenepesha bure, achana nayo." Nikaachana nayo. Msomi mzima, na karatasi zangu za chuo ziko ukutani kwenye fremu.

Mwezi wa kumi nikaanza kuona matone. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nilikuwa na miaka 52, hedhi imekoma zaidi ya mwaka, nikajua ujana umerudi. Mume wangu akaanza kuniita binti. Binti huyo akaenda harusini, akakaa kwenye kiti cheupe cha plastiki, na aliposimama kuserebuka dada yake akamvuta chini na kumfunga khanga kiunoni bila kusema neno. Kile kiti nilikifuta mwenyewe kwa soda maji na tishu za mezani, huku MC anaita upande wa bwana harusi.

Altrasaundi ikaonyesha ukuta wa ndani wa kizazi umefika milimita 17. Mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa damu, ukuta ukizidi milimita 4 tu, madaktari wanataka kinyama wakapime. Daktari, kijana wa kumzaa kabisa, alinitazama akasema, "Mama, umemwaga mbolea mwaka mzima, nani alikuwa anafyeka?" Ndiyo kazi za homoni hizo mbili: estrojeni inaotesha ukuta wa kizazi, projesteroni inauzuia usiote hovyo. Ukiacha uote tu, seli zinaweza kugeuka saratani.

Nikasafishwa kizazi. Majibu nikayasubiri siku 16, na katika siku hizo niligawa vitenge vyangu vyote kichwani, hiki cha binti mkubwa, hiki cha mdogo. Yakatoka: seli zimezidi lakini hazijageuka. Nikapewa projesteroni ya miezi sita, kisha kipimo tena. Jumla laki tisa na ushee, pesa ya bati za banda la kuku. Kuku wanalowa mpaka leo.

Na kinachoniuma ni kwamba hii si habari mpya. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walishachapisha kwamba wanaomeza estrojeni tupu wanapata zaidi saratani ya ukuta wa kizazi. 1975! Mimi nilikuwa sijaanza hata vidudu. Yule wa koti jeupe habari haijamfikia, na nilipomwandikia akanitoa kwenye kundi.

Kwa hiyo ukiwa na kizazi, estrojeni ya mwili mzima haiendi bila projesteroni, iwe ya kumeza, plasta au jeli. Usidhani ukipaka ngozini umekwepa. Na wewe hedhi haijafika mwaka, kwa hiyo huenda daktari akakupangia projesteroni siku kumi na kadhaa kila mwezi, halafu utaona damu kidogo, hiyo imepangwa. Kuna pia kitanzi chenye homoni kinachofanya kazi hiyo ya kufyeka. Ila vidonge hivi vya kukoma hedhi havizuii mimba, na miezi mitano si mwisho, usije ukaleta uzi mwingine.

Vidonge au plasta? Estrojeni ya kumeza inapitia ini na inaongeza hatari ya damu kuganda, ya ngozini haijaonekana kufanya hivyo. Mimi sasa napaka jeli mkononi asubuhi, na usiku nameza projesteroni, maana inaleta usingizi.

Sasa nenda kwenye ule mzigo ulioagiza. Acha jina kubwa la rangi, soma maandishi madogo yaliyo chini yake, ndiyo yanayotaja homoni iliyomo, uyaandike hapa kama yalivyo. Halafu jibu swali la kichwa cha habari. Niko macho mpaka saa sita.