Galaksi hafifu, dhaifu au iliyofifia?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Natayarisha maelezo ya klabu yetu ya sayansi hapa Likoni kuhusu NGC 5102. Nimeandika "galaksi iliyofifia yenye umbo la dengu". Mwenzangu asema iwe "galaksi dhaifu". Lipi sahihi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Andika "galaksi yenye mwanga hafifu".

"Iliyofifia" imebeba historia. Kanga hufifia kwa kufuliwa na kuanikwa juani. Dukani ilikuwa na rangi kali. Ukisema galaksi imefifia, umedai kwamba zamani iling'aa kuliko sasa, na dai hilo lataka ushahidi. Ni kweli kwamba galaksi za umbo hili kwa kawaida zimebakiwa na gesi kidogo, na nyota mpya huzaliwa humo kwa nadra. Lakini NGC 5102 ina nyota changa za buluu katikati yake, kwa hiyo hapo neno lako lapotosha hasa. Jicho tupu haliioni kwa sababu ya umbali: takriban miaka ya nuru milioni 12.

"Dhaifu" ni upungufu wa nguvu, kama mgonjwa dhaifu au hoja dhaifu. Mabilioni ya nyota hayastahili sifa hiyo. "Hafifu" lataja kiasi cha nuru kinachotufikia, basi. Ila litanguliwe na "mwanga", maana bidhaa hafifu ni bidhaa duni.

Dengu hukuniuliza, lakini ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kenya bara wengi watawaza zile punje za kijani tuziitazo pojo, nazo si bapa. Ukivuka mpaka kwenda Tanzania, dengu ni punje nyingine, kubwa zaidi. Inayokusudiwa ni adesi, ambayo jina lake la Kilatini ndilo lililozaa neno lenzi: imetuna katikati, nyembamba ukingoni, kama galaksi hizi zinapotazamwa kwa ubavu. Mombasa "umbo la adesi" litaeleweka vizuri, nami nalipenda. Kwa wasomaji wa kwingineko, "umbo la lenzi" ni salama.

Basi andika: "NGC 5102 ni galaksi yenye mwanga hafifu na umbo la lenzi, katika kundinyota la Kantarusi, anga ya kusini." Ongeza kwamba mwezi wa Mei, mwendo wa saa nne usiku, huwa imepanda juu upande wa kusini, na mawingu ya masika yakiruhusu, mwenye darubini aliyejitenga na taa za mji aweza kuitafuta.