Alamu ya zamani, nyumba ya Mbweni: si lazima ung'oe yote

Shekhe wangu, umeuliza kama alamu ya wezi uliyoikuta kwenye nyumba ing'olewe yote kama fundi anavyotaka. Usikubali. Nyaya zilizozikwa ukutani ndiyo mali yenyewe. Zipimwe kwa multimita, kile kipimo cha fundi umeme; zilizo nzima zitafanya kazi na mtambo mpya. Swichi za sumaku za milangoni, zinazohisi mlango ukifunguliwa, nazo mara nyingi hufaa, ila huko karibu na bahari fungua kila kiungio utazame kutu ya chumvi. Kilichooza kata, uunge upya.

Cha kubadilisha ni boksi kuu, maana hilo lako linapiga kupitia simu ya mezani. Chukua linalotumia laini ya simu ya mkononi, na namba ya siri ya kiwandani ibadilishe siku hiyo hiyo. Vihisi mwendo vya zamani vitoe pia: mjusi akipita juu ya kioo chake tu, mtaa mzima umeamka.

Betri usiifanyie ubahili. Ndiyo inayoendesha alamu umeme ukikatika, na sisi Wazanzibari tuliokaa gizani bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa. Ile ya volti 12 joto letu huichosha mapema. Ukishafunga, zima swichi kuu ya umeme wa nyumba jioni. Asubuhi, kabla hujauwasha, jaribu king'ora. Kisipolia, mrudishie muuzaji betri yake.